Skrubu Ndogo ya Nyuma

Kila nikifungua kichupa cha mafuta ya cherehani, kabla hata tone moja halijadondoka, pua inanirudisha kijijini kwetu Gare, kwenye meza yetu ya mbao, Jumamosi baada ya chai ya saa nne. Wala msidhani nina ushonaji wowote. Mama yangu hakuwahi kuwa na cherehani. Mafuta yale kwetu yalikuwa ya bunduki, na harufu yake ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi, koti la baba lililolowa ukungu, na viazi vilivyokuwa vikitokota jikoni. Leo mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha chai, mwanamke mtu mzima, na vijana wa zamu yangu wananiogopa kwa ukali wa mdomo wangu. Lakini harufu hiyo ikinipata, nakuwa na miaka kumi tena, magoti yamejaa vumbi, nasubiri kuambiwa nichague bisibisi.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ya zile za pointi ishirini na mbili, risasi zake nyembamba hata ukiziweka kiganjani unaweza kudhani ni vipande vya penseli. Baba aliirithi kwa babu, aliyekuwa mlinzi wa mashamba, na karatasi za leseni zilikaa ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu. Kazi yake ilikuwa moja tu, tumbili. Kwetu msitu uko juu na mahindi yako chini, na tumbili hajawahi kuonyeshwa mpaka wa shamba akauheshimu. Kwa hiyo majirani wa mteremko wetu walikubaliana tangu zamani: baba alinde mahindi ya wote kwa bunduki yake, nao kila msimu wamlimie shamba siku nzima. Hakukuwa na karatasi wala sahihi, kulikuwa na neno la watu.

Na neno la baba, jamani, lilikuwa zito. Alikuwa katekista wa kigango chetu, na majirani wote, Wakristo kwa Waislamu, walimwita Katekista. Sisi nyumbani tulimwita Tate, kama Washambaa wengine wanavyomwita baba. Uongo hakuujua hata ule wa heshima. Siku moja shangazi alitupikia ubwabwa ukaungua, ukanuka nyumba nzima, kisha akamuuliza baba kama ni mtamu. Baba akautazama, akatafuta neno, akasema, "Ni mwingi." Shangazi hakuongea naye mpaka Pasaka.

Kila Jumamosi baba aliitoa bunduki kwenye sanduku, akahakikisha haina kitu ndani, akachomoa bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, na kuitia mfukoni. Risasi alikaa nazo mama, mahali ambapo mpaka leo sijui ni wapi. Baada ya hapo ndipo mimi niliruhusiwa kusogea. Kaka zangu walikuwa wakubwa, wako shule za mbali, na mdogo wangu sikuwa naye. Nilikuwa mimi peke yangu, basi kazi ya kukaza skrubu ikawa yangu.

Mwanzoni niliiharibu. Nilikuwa na miaka minane, nikamwona baba yuko nje anaongea na mtu, nikasema ngoja nimsaidie. Nikachukua kisu cha mama cha kumenyea viazi, nikakitia kwenye mfereji wa skrubu kubwa ya chini, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kisu kikateleza, kikakatika ncha, na kichwa cha skrubu kikabaki kimetafunwa kama muwa. Mama alilia kisu chake. Baba hakunipiga. Alinikalisha mezani, akalifungua lile kopo lake la kakao, akatoa bisibisi tatu zilizofungwa kitambaa, akazipanga mbele yangu.

"Chagua," akasema.

Nikachukua kubwa kuliko zote, maana ilikuwa na mpini mwekundu unaong'aa. Akaniambia niiweke juu ya mfereji. Haikuingia. Nikachukua ya pili, nyembamba, ikaingia lakini ikacheza huku na huku. Ya tatu ilikuwa na mpini wa mti, mweusi kwa jasho la mikono, na ncha yake baba aliinoa mwenyewe kwa tupa mpaka ikaenea kwenye mfereji ule upana na kina. Nilipoiweka ilisimama yenyewe, hata nilipoiachia.

"Umeona? Bisibisi haichaguliwi kwa mkono wako, inachaguliwa kwa mfereji wake. Isiyoenea inakula skrubu."

Alikuwa na maneno yake mengi ya namna hiyo. La pili lilikuwa la kukaza. "Kaza mpaka ikatae. Ikishakataa, usigombane nayo." Maana ukizidisha, mti wa kitako unapasuka, na ukipunguza, mtutu unacheza ndani ya mti na risasi inakwenda inakotaka. Nilijifunza ile hali ya kukataa kwa kiganja, taratibu, kwa Jumamosi nyingi. Mpaka leo kiwandani vijana wanaponiuliza, "Mama, nikaze mpaka wapi?" nawajibu maneno hayohayo, na wanacheka, wanadhani ni utani wangu.

Halafu kulikuwa na mistari. Baba alichukua rangi nyeupe iliyobaki walipopaka madirisha ya kigango, akachora kwa unyoya wa kuku mstari mwembamba unaopita juu ya kichwa cha kila skrubu na kuendelea kwenye chuma kilicho kando yake. Skrubu ikiwa mahali pake, mstari umenyooka. Ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, unaona kwa macho. Nilipenda mistari ile kupita kiasi. Jumamosi kwa Jumamosi niliikagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Skrubu mbili za chini zilizoshika mtutu na mti, sawa. Skrubu za kifyatulio, sawa.

Ilibaki moja. Skrubu ndogo ya nyuma, iliyoshika kile kichuma chenye mwanya cha kulengea. Hiyo mstari wake haukuwahi kunyooka. Kila Jumamosi niliukuta umekatika, na kichuma kimesogea kulia kwa upana wa punje ya mchele.

"Tate, hii imelegea tena."

"Hiyo niachie mimi," alikuwa akisema, bila kuinua macho. "Hizo nyingine zako, hiyo ndogo yangu."

Nami nikaamini ni kwa sababu ni ndogo, inataka mkono wa mtu mzima.

Sasa, ninyi hamjapiga risasi, nami sijapiga, lakini hesabu hii mtoto anaielewa. Punje ya mchele huku nyuma, hatua hamsini mbele inakuwa shubiri nzima. Ndiyo maana baba alikosa. Alikosa kila siku. Ukungu ukipanda asubuhi, tumbili wanashuka mmoja mmoja, baba anapiga goti kando ya tuta la udongo, analenga kwa utulivu, pa! Majani yanaruka pembeni, tumbili wanakimbilia msituni wakitukana kwa lugha yao, na kesho kutwa wanarudi. Mahindi yaliliwa kiasi, si sana. Lakini hakuna hata mmoja aliyeanguka, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Watu wakaanza kusema. Mzee Hoza, jirani yetu wa juu, mtu wa maneno matamu na makali kwa pamoja, alikuwa akipita njiani anapaza sauti, "Katekista! Hiyo ni bunduki au kengele ya kuwaita tumbili ibadani?" Watu wanacheka, baba naye anacheka. Mimi sikucheka. Binti yake Zaina alikuwa darasa langu, na alinifuata mpaka bombani. "Baba yako anawapigia saluti," akanambia mbele ya wenzangu. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji. Nilichapwa kwa hilo, na wala sikujuta.

Likizo ya Juni ndiyo iliyokuja na mkosi. Mwaka ule mahindi yalikuwa machache, kila hindi lina mwenyewe anayeliwazia. Jumapili mchana wakaja wanaume watano uani kwetu, Mzee Hoza mbele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitania, nikajua kuna jambo. Walikaa kwenye magogo, mama akawapa chai, wakanywa.

"Katekista," akasema Mzee Hoza, "hatukuja kwa ugomvi. Lakini sisi tunakulimia, na tumbili wanatulia mahindi yetu. Wiki hii isipoanguka hata mmoja, Jumamosi jembe letu halitakuja kwako, na kazi hii tutampa mtu mwingine. Wapo wanaojua kuchanganya sumu kwenye ndizi."

Baba aliweka kikombe chini.

"Mimi nalenga katikati ya kifua," akasema. "Kila siku. Mungu ananiona."

Wale wanaume walitazama chini, maana walijua mdomo ule hauna uongo. Ndipo mmoja akasema kwa sauti ya kumsaidia, "Basi mbovu ni bunduki." Wote wakakubali kwa kichwa, mbovu ni bunduki.

Mbovu ni bunduki! Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, masikio yanawaka. Bunduki ninayoikaza mimi? Baba yangu avuliwe kazi yake, ageuke mtu wa kuchekwa bombani, kwa sababu ya kijiskrubu kimoja ambacho hana nafasi ya kukikaza? Usiku ule nilijiambia, Jumamosi hiyo haifiki.

Baba hakungoja Jumamosi kuisafisha, aliitoa kesho yake, Jumatatu. Alikuwa ameshachomoa bolti na kuitia mfukoni wakati kengele ya kigango ilipolia ghafla, ile ya kusitasita inayotangaza msiba. Mzee mmoja wa Wakristo wetu alikuwa amefariki. Baba alivaa koti, akafunika bunduki kwa kitambaa, akatoka na mama.

Nikabaki mimi na meza. Nawaambia kweli, sikuwaza kwamba ninaiba wala ninaasi. Nilikuwa na moyo mweupe kabisa. Nikafungua kopo la kakao. Bisibisi ya mpini mwekundu, hapana. Ile ya mpini wa mti ilikuwa pana mno kwa skrubu ndogo. Nikachukua ile nyembamba, nikaijaribu, ikacheza kidogo. Nikakumbuka, isiyoenea inakula skrubu. Nikachukua tupa nikaisugua ncha yake pole pole, najaribu, nasugua, najaribu, mpaka ikasimama yenyewe. Nikakisukuma kichuma kwa kidole gumba mpaka alama ya zamani iliyochongwa juu yake ikakutana na ile ya kwenye mtutu. Nikakaza mpaka ikakataa. Sikugombana nayo. Mstari mweupe ukanyooka mara ya kwanza tangu nianze kuujua, nikadondosha tone la mafuta, nikafuta, nikafunika. Nilijisikia mtu mkubwa, mikono inanukia mafuta ya cherehani.

Baba alirudi jioni amechoka, akairudisha bolti, akaifungia bunduki sandukuni bila kuitazama.

Asubuhi ya Jumanne kulikuwa na baridi ile ya Juni inayouma masikio. Nilimfuata baba mpaka kwenye tuta, maana sikutaka kukosa. Mzee Hoza alikuwa shambani kwake juu, amejifunga shuka, anatutazama. Mtunda damu wetu, ule mti wa matunda mekundu kando ya shamba, ulikuwa umepukutika majani yote, na kwenye tawi la chini alikaa tumbili mmoja peke yake, wengine wakiwa kwenye mahindi. Baba akapiga goti. Akalenga kwa utulivu uleule. Pa!

Tumbili akaanguka. Alianguka kama mfuko, bila sauti, na nilipiga kelele za furaha, nikaruka. Kule juu Mzee Hoza akapiga vigelegele vya kiume, "Katekistaaa!" Kisha kitu kidogo, kijivu, kikajitoa chini ya yule aliyeanguka, kikaanza kumvuta mkono. Kilikuwa kitoto chake. Kilivuta mkono, kikauachia, kikauvuta tena. Mlio wake ulikuwa mwembamba kama wa mlango usiotiwa mafuta.

Baba hakumtazama tumbili. Aliitazama bunduki. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya skrubu ndogo ya nyuma, akauona mstari umenyooka. Kisha akanitazama mimi. Furaha yangu ilikatika palepale, wala sikujua kwa nini.

"Umetumia bisibisi ipi?" akauliza.

"Ile nyembamba, Tate. Niliinoa kwanza, ilikuwa inacheza."

"Ikaenea?"

"Ikaenea. Ilisimama yenyewe."

Aliniwekea mkono kichwani.

"Umekaza vizuri," akasema.

Alichimba shimo chini ya ule mti, akamzika tumbili kama mtu. Kitoto kilikimbilia msituni na wenzake, hatujui kama kiliishi. Jumamosi majirani walikuja na majembe, wengi kuliko misimu yote, wakalima mpaka mpakani wakiimba, na Mzee Hoza akatangaza kwamba yeye tangu zamani alikuwa anajua. Zaina alinipa karanga bombani. Baba alilima katikati yao bila neno. Wiki iliyofuata aliifunga bunduki kwenye gunia, akapanda gari kwenda Lushoto, akaikabidhi polisi na leseni yake, akarudi mikono mitupu. Watu walipomuuliza alisema, "Nimechoka nayo," basi. Watoto wakapewa kazi ya kupiga madebe shambani asubuhi, na niwaambie, madebe yalifukuza tumbili sawasawa na bunduki. Habari ya sumu ikasahaulika.

Mimi nilibaki na yale maneno, umekaza vizuri. Niliyabeba kama zawadi. Nilipoondoka kwenda chuo cha ufundi, msichana peke yangu katika darasa la wavulana wanaoniuliza kama nimepotea njia ya jikoni, baba alinipa kopo la kakao na bisibisi zake tatu. Miaka minne baadaye tulimzika, nami niliamini kabisa kwamba ile asubuhi nilimwokoa.

Mwaka juzi, kule kiwandani, mashine moja ya kusokota majani ya chai ilianza kusumbua. Skrubu moja ya kushika sahani ya juu ililegea kila siku. Nikachora mstari, mweupe, kama nilivyofundishwa. Kesho yake umekatika robo mzunguko. Nikakaza. Kesho kutwa, robo mzunguko. Kijana wangu akasema ni mtikisiko wa mashine, nikamwambia acha ujinga, skrubu inayolegezwa na mtikisiko haina kituo, leo iko hapa, kesho kule. Inayosimama mahali palepale kila siku imelegezwa na mkono wa mtu.

Nilisema hivyo kwa sauti, na mdomo ukabaki wazi. Punje ya mchele. Kila Jumamosi, kulia, punje ileile ya mchele. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye vumbi la chai, vijana wakadhani nimeshikwa na presha.

Nilikwenda Gare kwa mama siku ileile. Nilimkuta anachambua maharage, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini baba aliilegeza ile skrubu. Hakushtuka. Akaendelea kuchambua.

"Kabla hujajua kukaza," akasema, "baba yako alimkosa tumbili mkubwa, akakipiga kitoto kilichokuwa mgongoni mwake. Yule mama alikibeba siku tatu, kimekufa, anapita nacho shambani petu. Anakaa, anakilamba, anaondoka nacho. Na mimi wiki ile, mwanangu, ndiyo tulikuwa tumemzika mdogo wako, nimetoka hospitali sina kitu mkononi. Nilikuwa nakaa dirishani namtazama. Baba yako akatuona wote wawili."

Nilichota konzi ya maharage, nikachambua naye, mama akaendelea.

"Kuwaambia watu hapigi tena, wangeleta sumu. Kuwaambia amelenga wakati hakulenga, hawezi, unamjua. Basi akailegeza ile skrubu, akawa analenga kweli." Mama akatabasamu kidogo. "Sijui kama hila hiyo aliiungama."

"Na mimi, mama? Mbona hakunigombeza hata siku moja?"

"Akugombeze kwa lipi? Alirudi ile asubuhi akanambia, mtoto ameinoa mwenyewe ikaenea. Alilia, lakini hilo alilisema mara mbili."

Hizo bisibisi ninazo. Ile nyembamba, niliyoinoa mimi, ncha yake bado inaenea. Yule aliyekuwa akilegeza skrubu ya mashine nilimpata, kijana wa zamu ya usiku, na kabla sijafungua mdomo wangu huu mnaoujua, nilivuta kiti nikakaa. Nikamuuliza kwanza kwa nini, nikamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo nikaichukua bisibisi kukaza.